Dada, Unachukua Ngapi?

Malipo yangu hutoka kwenye fedha ambazo mtu amepewa kwa sababu mwili au akili yake iliumia jeshini. Mimi ni wakala wa madai ya fidia hapa Tacoma, jimbo la Washington, karibu na kambi kubwa ya Lewis-McChord. Nilizaliwa Nakuru, nikalitumikia jeshi la Marekani katika kitengo cha ugavi, na nilipovua sare nikasomea kazi hii. Wengi wanaonijia ni wazaliwa wa hapa hapa, lakini wapo pia Wakenya, Watanzania na Wakongo walioingia jeshini baada ya kupata makaratasi. Kabla hata ya kuketi vizuri, wenzetu hawa huuliza: "Dada, unachukua ngapi?"

Wana haki ya kuuliza, na jibu si asilimia peke yake.

Idara ya Masuala ya Wastaafu wa Jeshi, ambayo kila mtu huiita VA, hupima madhara aliyopata askari kwa ngazi za kumi kumi, kutoka sifuri hadi asilimia 100. Kuanzia asilimia 10, kila ngazi ina malipo yake ya kila mwezi, tena yasiyokatwa kodi. Kwa viwango vya mwaka 2025, asiye na mke wala watoto alipata dola 175.51 akiwa kwenye asilimia 10, dola 1,759.19 akiwa kwenye 70, na dola 3,831.30 akifika 100. Kwa kawaida fidia huhesabiwa tangu siku dai lilipopokelewa. Kwa hiyo uamuzi ukichelewa, mdai hulipwa malimbikizo kwa mkupuo, kisha malipo ya kila mwezi yanaendelea. Kwenye malimbikizo hayo ndiko wakala halali hupata riziki yake. Malipo ya miezi ijayo si yake.

Mvutano kuhusu ada hii ulianza zamani, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Wajane na majeruhi walipoanza kudai pensheni, walizukiwa na watu waliojua kujaza fomu na kujua pia kumega mafungu ya wenye shida. Bunge likaweka kikomo mwaka 1862: dola 5 kwa dai moja. Mwaka 1864 kikomo kikapandishwa hadi dola 10, na hapo kikakaa zaidi ya karne nzima. Dola 10 za wakati huo zilikuwa na uzito. Kufikia miaka ya 1980 hazikutosha hata kumlipa mwanasheria kwa muda wa kufungua jalada, na matokeo yake karibu hakuna mwanasheria aliyegusa madai hayo. Waliokuwa wameathiriwa na mionzi ya nyuklia jeshini walikwenda mahakamani wakisema kwamba kikomo hicho kinawanyima mtetezi. Mwaka 1985 Mahakama Kuu ya Marekani iliwakatalia. Wengi wa majaji waliona kwamba Bunge lilikuwa na haki ya kutaka mfumo usio wa kushindana, ambamo askari hahitaji kugawana fidia yake na wakili.

Nimeisoma hukumu hiyo mara nyingi na ninaielewa nia yake. Ila mfumo usio wa kushindana hubaki hivyo mpaka siku unapoambiwa hapana. Baada ya hapo unashindana, utake usitake, na aliye peke yake huumia. Mwaka 1988 Bunge lilifungua mlango kidogo, mwaka 2006 likaufungua zaidi, na tangu Februari 2019 kanuni ni kwamba wakala au wakili mwenye idhini anaweza kutoza ada mara tu VA inapotoa uamuzi wa kwanza kuhusu dai. Kabla ya uamuzi huo, kumtoza mdai ni marufuku.

Sehemu hii naisisitiza kwa sababu ndipo watu wetu wanapoibiwa. Kufungua dai la kwanza ni bure. VA yenyewe ina wajibu kisheria wa kumsaidia mdai kutafuta kumbukumbu zake. Vyama vya askari wastaafu kama American Legion, VFW na DAV vina wawakilishi walioidhinishwa wasiotoza hata senti. Kaunti nyingi nazo zina maofisa wao wa kazi hiyo.

Hata hivyo alinijia kijana wa Eldoret, fundi wa magari ya jeshi kwa miaka minane, akiwa na mkataba aliokuwa ameutia saini kwenye simu. Kampuni ile, ambayo haikuwa na idhini ya VA, ilijiita mshauri. Iliahidi kumwandalia ombi la kuongezewa kiwango, na ada yake ilikuwa mara tano ya ongezeko la mwezi. Alikuwa kwenye asilimia 30, akapandishwa hadi 70. Tulikaa mezani na kikokotoo: dola 1,759.19 kutoa dola 537.42 ni dola 1,221.77. Mara tano, dola 6,108.85. Ombi lake lilikuwa limeamuliwa haraka, kwa hiyo malimbikizo hayakufika hata nusu ya deni. Deni lililobaki lilikuwa litoke kwenye fidia ya miezi ijayo, ile ya kodi ya nyumba na ya kumtumia mama.

Nilimuuliza kampuni ile ilifanya nini hasa. Ilimpa maswali ya kujaza na mtu wa kupiga naye gumzo kabla ya uchunguzi wa daktari. Fomu aliituma mwenyewe. Nilimweleza kuwa ada ya namna ile haijatambuliwa na VA, nikamwelekeza kwa ofisa wa kaunti na kwa wanasheria wa msaada wa bure waangalie mkataba. Mimi sikumtoza, na hata ningetaka nisingeweza: hakukuwa na uamuzi wowote aliotaka kuukatia rufaa.

Ada halali inapimwaje basi? Sheria inasema lazima iwe ya kiasi. Ikiwa asilimia 20 ya malimbikizo au chini yake, inachukuliwa kuwa ya haki mpaka ithibitishwe vinginevyo, na VA inaweza kuikata moja kwa moja na kumtumia wakala. Ikipita theluthi moja, inachukuliwa kuwa si ya haki, na wakala ndiye mwenye mzigo wa kujieleza. Ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa VA inaweza kuichunguza ada yoyote, kwa kujianzishia au kwa ombi la mdai, ambaye ana siku 120 tangu uamuzi wa mwisho. Wanaangalia kazi iliyofanyika, ugumu wa dai, ujuzi uliohitajika, muda uliotumika, matokeo, wengine wanatoza kiasi gani kwa kazi kama hiyo, na kama wakala alikubali kutolipwa chochote endapo dai lingeshindwa.

Hilo la mwisho lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Mama mmoja, aliyekuwa dereva wa malori huko Afghanistan, alinyimwa fidia ya goti kwa sababu daktari mchunguzi aliandika kwamba hakuna ushahidi wa kuumia akiwa kazini. Jalada lake lilikuwa na kurasa zaidi ya elfu, nyingine zimepigwa picha vibaya hata hazisomeki. Katikati kulikuwa na karatasi ya zahanati ya kambini: maumivu ya goti la kulia baada ya kuruka kutoka kwenye lori, apewe ibuprofeni ya miligramu 800, arudi kazini. Mistari miwili, na tarehe. Kwa karatasi ile tulipata daktari wa mifupa aliyeandika kwamba uwezekano wa goti kuharibikia jeshini ni angalau nusu kwa nusu, na sheria haidai zaidi ya hapo. Ushahidi ukilingana pande zote mbili, mdai ndiye anayepewa. Kazi ya namna hii inastahili ujira. Tungeshindwa, nisingepata kitu, na yeye asingenidai wala nisingemdai.

Hata hivyo, ile asilimia 20 ina tatizo ambalo wenzangu wengi hawapendi kulizungumza. Chukua dai ambalo likifanikiwa litamwongezea mtu dola 650 kwa mwezi. Rufaa ikiamuliwa baada ya miezi 10, malimbikizo ni dola 6,500 na ada ni 1,300. Ikiamuliwa baada ya miezi 40, malimbikizo ni dola 26,000 na ada inafika 5,200. Kurasa nilizoandika ni zile zile, barua ya daktari ni ile ile. Kilichoniongezea dola 3,900 ni jalada langu kukaa kwenye foleni, huku mwenye goti akichechemea. Hii si haki, hata kama sheria inaihesabu kuwa ya kiasi.

Kuna pia suala la kubadilisha wakala katikati ya safari. Mdai ana ruhusa ya kumwacha wakala wakati wowote. Wa kwanza akiwa amejenga msingi na kuta, wa pili akaja kupaua, wote wawili hawawezi kuchukua asilimia 20 kila mmoja. Mafungu hugawanywa kulingana na mchango wa kila mmoja, na hata sababu ya kumwacha wa kwanza hutazamwa.

Jingine linawahusu sana watu wetu. Tumezoea kuchangiana. Kaka atasema, mwacheni mgonjwa, mimi nitamlipa wakala. Sheria inaruhusu mtu wa nje asiye na maslahi kulipia, hata dai la kwanza. Ila mke au mume, mtoto, mzazi, na yeyote anayeishi na mdai nyumba moja huchukuliwa kuwa na maslahi, kwa hiyo fedha yake inahesabiwa kama ya mdai mwenyewe. Sababu ni nzuri: bila kanuni hiyo, tapeli angemwambia askari apitishe noti kwa mkewe. Anayejitolea kulipa akiwa mjomba wa Minnesota au kundi la kanisa, ninaandika wazi kwenye mkataba kwamba hatarudishiwa kitu kutoka kwenye fidia.

Mara kwa mara nawaza kuhusu nyumbani. Juni 2013, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, William Hague, alilitangazia bunge lao makubaliano na wazee 5,228 wa Kenya walioteswa enzi za Mau Mau. Jumla ilikuwa pauni milioni 19.9, zikiwemo gharama za kesi. Kuna wazee waliolalamika kuwa kilichowafikia mkononi ni kidogo, na ninawaelewa. Ila nimependa jambo moja: gharama za kesi nazo zilibebwa na serikali iliyokuwa ikidaiwa. Hapa Marekani, kwenye hatua za VA, ujira wa mtetezi hutoka kwa aliyeumia. Rufaa ikifika Mahakama ya Rufaa ya Madai ya Askari Wastaafu, serikali inaweza kuamriwa kulipa gharama za wakili pale msimamo wake unapokosa msingi wa kutosha. Sioni kwa nini wazo hilo lisishuke ngazi za chini. Idara iliyomkatalia mtu kwa kutosoma karatasi iliyokuwa kwenye jalada lake yenyewe ilipie aliyeisoma.

Kwa sasa mjadala unaelekea kwingine. Sheria ya 2006 ilifuta adhabu ya jinai kwa anayetoza bila idhini, na kampuni za ushauri zikapata uwanja. New Jersey ilipitisha sheria ya kuzibana mwaka 2023. Louisiana mwaka 2024 ikafuata njia tofauti, ikaziruhusu kutoza mpaka dola 12,500. Huko Washington D.C., wabunge wamekuwa wakivutana kati ya njia hizo mbili. Mimi niko upande wa adhabu. Nilifanya mtihani wa VA, nikachunguzwa nyendo zangu, na nikikosea naweza kupokonywa idhini. Anayekwepa yote hayo asiruhusiwe kutoza zaidi ya tunavyoruhusiwa sisi.

Nikisubiri sheria, nimeongeza kifungu kimoja kwenye mikataba yangu. Ada ni asilimia 20 ya malimbikizo ya miezi 18 ya kwanza. Rufaa ikikaa zaidi ya hapo, malimbikizo ya miezi inayofuata yote ni ya mdai. Mama wa lori alikisoma mara mbili, akaniuliza kama nina uhakika, kisha akatia saini.