Tela Kuukuu Hufufuliwa Kuanzia Chini

Huko Marekani ziko nyumba ndogo zenye magurudumu, ambazo huvutwa nyuma ya motokaa. Ndani yake mna vitanda, jiko, makabati na mara nyingi choo. Jamaa wanaposafiri hukokota makao yao, na jua linapotua huegesha mahali pazuri, wakapika na kulala. Nyumba hizo ni matela ya safari. Yale yaliyoundwa kati ya miaka ya 1930 na 1970 yanatafutwa sana siku hizi, na wako watu wengi wanaoyafufua kwa mikono yao wenyewe, mume na mke wakisaidiana, jioni baada ya kazi na siku za mapumziko.

Kazi hiyo huonekana kama mchezo wa watu wenye nafasi. Lakini ndani yake limo fundisho, na pia imo hatari inayoweza kuua.

Matela yenye sifa kubwa kuliko mengine ni yale ya Airstream, ambayo mwili wake ni wa mabati ya alumini yaliyounganishwa kwa ribiti, mviringo kama tumbo la ndege. Mfano huo haukutokea bure. Mwaka 1934 Hawley Bowlus, ambaye mwaka 1927 alisimamia uundaji wa ndege ya Charles Lindbergh, alitengeneza tela la namna hiyo. Mwaka 1936 Wally Byam akatoa tela lake la Clipper lililofuata njia hiyo hiyo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili kiwanda chake kilifungwa, kwa maana alumini ilihitajiwa kwa kuunda ndege. Vita vilipokwisha kazi ilianza tena, na mwaka 1959 Byam aliongoza msafara wa matela hayo kutoka Cape Town. Msafara ulikata bara zima la Afrika, ukapita Afrika ya Mashariki na Ethiopia, na kufika Cairo mwaka 1960. Mwezi Julai 1969 wanaanga watatu waliotoka mwezini walitengwa ndani ya tela la aina hiyo juu ya manowari Hornet, naye Rais Nixon akawasalimu kupitia dirishani.

Sifa hizo ndizo huwavuta watu. Mtu hukuta tela limesahauliwa chini ya mti kwa miaka thelathini, akalinunua, na juma lile lile akaanza kulisugua hadi likang'aa kama kioo. Majirani husifu. Lakini wahenga walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mng'aro huo huficha sakafu iliyooza, chuma kilicholiwa na kutu na magurudumu yasiyofaa barabarani. Mwenyewe huwapakia watoto, akashika njia kuu, na huko ndiko kosa lake hujulikana.

MAJI NDIYO ADUI

Tela kuukuu halifi kwa uzee bali hufa kwa maji. Maji hupenya pembeni mwa madirisha, kwenye tundu la hewa darini, penye taa za nyuma na kwenye maungio ya mabati. Hayaonekani, kwa kuwa huteremka kati ya bati la nje na la ndani mpaka yafike kwenye sakafu, ambayo ni ya plaiwudi. Hapo ubao hukaa na unyevu miaka mingi, ukalainika kama mkate uliolowa.

Kwa hiyo fundi mwenye busara hashiki kwanza kitambaa cha kung'arisha. Hushika bisibisi. Hupiga magoti akachoma sakafu taratibu: pembe zote nne, chini ya madirisha, karibu na mlango, kandokando ya magurudumu, na hasa sehemu ya nyuma kabisa. Ubao mzima hukataa ncha, na ule uliooza huimeza. Kisha hutoka nje akasimama juu ya bampa la nyuma. Ikiwa bampa linashuka na mwili wa tela unabaki mahali pake, basi mwili na fremu vimeachana, na kazi iliyo mbele yake ni kubwa.

Kuvuja nako hutafutwa kwa utaratibu. Mtu mmoja huwa nje na mpira wa maji, mwingine ndani na taa. Maji huanzishwa chini, yakapandishwa kidogo kidogo kuelekea darini. Yakianzishwa juu yatatiririka kila mahali, na haitajulikana tundu ni lipi. Gundi ya zamani hukwanguliwa yote kabla ya kupaka mpya. Silikoni haipendwi na mafundi, kwa sababu ikiisha kukauka, rangi na gundi nyingine hazishiki juu yake.

KUBOMOA KWA AKILI

Kabla ya kung'oa kitu, kila kipande hupigwa picha na kuandikwa namba. Kabati bovu halitupwi upesi, kwa maana ndilo kipimo cha kukatia kabati jipya. Panya waliohamia humo huacha mavi yenye kuweza kuleta maradhi ya mapafu. Kwa hiyo mavi hayo hayafagiliwi makavu. Kwanza huloweshwa kwa maji yenye dawa ya kuulia vijidudu, naye anayesafisha huvaa glavu na kufunika pua na mdomo.

Sakafu ikiwa imeoza kidogo hukatwa kipande kipande. Ikiwa imeoza sana, mwili wote huinuliwa juu ya fremu, baada ya kutegemezwa ndani kwa mbao ili usipoteze umbo lake. Hapo fremu huonekana waziwazi. Kutu huondolewa, chuma kilicholiwa huchomelewa kipya, na vyote hupakwa rangi. Mahali alumini inapogusana na chuma, na unyevu ukawapo, alumini huliwa. Kwa hiyo hapana budi viwili hivyo vitengwe kwa rangi na utepe mzito.

Ribiti za mwili huhitaji watu wawili. Mmoja yuko nje na nyundo ya upepo, mwingine yuko ndani ameshikilia kipande cha chuma nyuma ya ribiti. Hawaonani, wala hawasikilizani kwa makelele. Basi hupatana mapema juu ya ishara: wa ndani hugonga bati mara moja au mara mbili, na wa nje akafahamu kama ribiti imekaa vizuri au bado. Wengi wamegundua kwamba kazi hiyo hufunza subira katika ndoa.

MAGURUDUMU NA MIZANI

Tairi huweza kuwa na meno mazima na bado likapasuka, kwa kuwa mpira huzeeka. Ubavuni mwa tairi mna tarakimu nne: zikisomeka 3218, limetengenezwa juma la 32 la mwaka 2018. Tairi lenye nyufa halipewi safari hata moja. Ekseli za matela mengi ya tangu miaka ya 1960 zina mpira ndani badala ya springi. Mpira huo ukishakuwa mgumu, tela hudunda juu ya kila shimo, na ribiti hulegea moja baada ya nyingine. Mpira huo haurekebishwi. Ekseli nzima hubadilishwa.

Kisha uzito. Kiungio cha mbele kinapaswa kubeba kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wote wa tela. Tela la kilo 2,000 likandamize kiungio kwa kilo 200 hadi 300. Mizigo ikirundikwa nyuma, mbele huwa pepesi. Tela huanza kuyumba kama mkia, na linaweza kuipindua motokaa inayolivuta. Askari wa barabarani na madereva wa jeshi wanaovuta matela ya maji wanalijua jambo hilo. Minyororo miwili hupishanishwa chini ya kiungio, na breki hujaribiwa kabla ya kila safari.

Gesi na umeme havifanyiwi majaribio ya kubahatisha. Maungio ya gesi hupakwa maji ya sabuni, na povu likifura, gesi inavuja. Kamwe haitafutwi kwa kiberiti. Madirisha mawili yafunguke, na kiwepo chombo cha kutoa onyo dhidi ya hewa ya sumu isiyo na harufu.

KUNG'ARISHA NI MWISHO

Yakiisha hayo yote, ndipo bati hung'arishwa. Na yuko pia mtu ambaye, baada ya kuchoma sakafu kwa bisibisi na kuitazama fremu, huamua kwamba tela hilo halifufuki kwa fedha alizo nazo. Huyo hajashindwa, kwani ameokoa akiba ya nyumba yake, na pengine watoto wake.

Askari hasuguwi kitako cha bunduki na kuacha mtutu na uchafu. Mama wa nyumba naye hapaki chokaa ukuta ambao maji ya mvua yangali yanaingia juu yake. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Mwenye tela, mwenye nyumba na mwenye bunduki wote watangulize lile lisiloonekana. Linaloonekana halitakimbia, litangoja zamu yake.