Uzi: Tableti ngapi? Swali si hilo

Wasee, kila mdahalo wa elimu huishia kwa idadi. Ahadi ya 2013 ilikuwa laputopu kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. 2016 zikaja tableti, baadaye zikapita milioni 1.

Shuleni kwetu zilikaa kwa kabati ya mwalimu mkuu, zikatolewa wageni wakija. Simlaumu sana. Zikiibiwa, nani angelipa?

Lakini faida iko hapa: asiyeona vizuri anakuza maandishi, aliyeachwa nyuma anarudia somo bila kuchekwa. Hiyo haiwezekani kifaa kikiwa kimefungiwa. Mwanasiasa akikutajia idadi, muulize: mtoto anakishika saa ngapi kwa wiki? Na kikiharibika, kinatengenezwa na pesa gani?