Mshubiri Mwekundu wa Handeni: Uoteshe Nyumbani, Uuache Mwambani

Katika miamba ya Wilaya ya Handeni, Mkoa wa Tanga, humea mshubiri ambao makazi yake ya asili hayapo kwingine ila kaskazini-mashariki mwa Tanzania. Wataalamu wa mimea huuita Aloe dorotheae. Jua linapokuwa kali na mvua zinapokatika, majani yake huacha ukijani na kuwa mekundu kama shaba. Kwa ajili ya rangi hiyo, katika makala haya tutauita mshubiri mwekundu.

Habari za mmea huu zina jambo la kushangaza. Ughaibuni, hususan Marekani na Ulaya, hupandwa katika bustani na kuuzwa katika vitalu vya maua bila shida. Hapa kwao, Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Maumbile (IUCN) limeuweka katika kundi la viumbe vilivyo katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Kundi hilo ndilo la mwisho kabla ya kiumbe kuhesabiwa kuwa kimekwisha porini. Makala haya yanaeleza kwa nini imekuwa hivyo, na jinsi mwananchi anavyoweza kuuotesha nyumbani bila kung'oa hata shina moja kutoka mwambani.

Kuufahamu mmea wenyewe

Mshubiri mwekundu ni mmea mfupi. Majani yake ni manene, yamejaa utomvu, yana madoadoa meupe na miiba midogo pembezoni, na urefu wake hufikia takriban sentimita 30. Mmea mmoja huzaa vichipukizi vingi ubavuni, hata baada ya miaka michache shina moja huwa kichaka. Maua yake hutoka juu ya bua moja lililosimama, yakiwa na rangi ya njano au ya chungwa iliyokolea. Ndege aina ya chozi na nyuki huyafuata kwa ajili ya asali yake.

Mmea huu ulielezwa kitaalamu mwaka 1908 na Alwin Berger, Mjerumani aliyekuwa msimamizi wa bustani ya mimea ya La Mortola nchini Italia. Jina dorotheae lilitolewa kwa heshima ya Bi. Dorothy Westhead wa London. Hivyo jina lake la kitaalamu limetoka mbali, ingawa asili yake ni hapa.

Wananchi huuliza mmea unawezaje kuishi juu ya jiwe tupu. Siri yake ni majani. Mimea mingi hufungua vitundu vidogo vya majani yake mchana ili kuvuta hewa, na wakati huo maji mengi hupotea kwa joto. Mishubiri hufungua vitundu hivyo usiku, kukiwa na baridi, na kuvifunga mchana. Maji machache yanayopatikana katika ufa wa jiwe huhifadhiwa ndani ya jani na kutumika kidogo kidogo hadi mvua inayofuata. Wekundu wa majani nao si ugonjwa, bali ni rangi ambayo mmea huitengeneza kujikinga na ukali wa jua.

Kwa nini uko hatarini

Mmea ulioenea nchi nzima ukipotea katika kijiji kimoja, hubaki katika vijiji vingine. Mshubiri mwekundu hauna akiba hiyo. Kwa kuwa eneo lake ni dogo, moto mmoja wa kiangazi, upasuaji wa mawe kwa ajili ya kokoto, au mtu mmoja mwenye magunia na jembe, anaweza kuondoa sehemu kubwa ya mishubiri yote iliyobaki porini. Ni kwa sababu hiyo gazeti hili halitaji majina ya miamba unakopatikana. Wakazi wa maeneo hayo wanaifahamu, na wengine hawana haja ya kuelekezwa.

Kung'oa mmea mwambani ni hasara mara mbili. Kwanza, mizizi iliyozoea ufa wa jiwe hukatika, na mmea mkubwa uliong'olewa huweza kuoza kabla ya kushika udongo mpya. Pili, anayeng'oa kichaka kizima huondoa pia vichipukizi na mbegu za miaka ijayo. Mishubiri mingi haizai mbegu kwa chavua yake yenyewe, bali huhitaji chavua ya mmea mwingine wenye asili tofauti. Vichaka vinapobaki vichache na vilivyotengana, maua huendelea kuonekana kila mwaka ilhali mbegu hupungua.

Jinsi ya kuuotesha

Mwanzo mwema ni kichipukizi kutoka kwa mtu ambaye tayari anaotesha mmea huu nyumbani au katika kitalu. Kichaka kimoja kinaweza kutoa vichipukizi kadhaa bila kudhurika.

Kukata kichipukizi. Chagua kilichofikia ukubwa wa kiganja cha mkono, ikiwezekana chenye mizizi yake midogo. Tumia kisu kikali na kisafi. Usikipande siku hiyo hiyo. Kiweke kivulini, mahali pakavu, kwa siku nne hadi saba mpaka jeraha likauke na kufanya gamba, kwa kuwa jeraha bichi likigusa udongo wenye unyevu huoza.

Udongo. Mmea huu huuawa na maji yaliyotuama mapema zaidi kuliko ukame. Changanya sehemu mbili za mchanga wa mtoni wenye chembe kubwa, au changarawe ndogo, na sehemu moja ya udongo wa shambani. Mboji iwe kidogo sana. Samadi mbichi isitumike kabisa. Ukipanda katika chungu, ndoo au kopo, hakikisha chombo kina matundu chini. Ukipanda ardhini penye udongo wa mfinyanzi, inua tuta la mawe na mchanga kwanza.

Kupanda. Fukia sehemu ya chini ya kichipukizi tu, bila kuzika moyo wake, yaani pale majani machanga yanapotokea. Kishikize kwa vijiwe ili kisianguke. Subiri takriban wiki moja kabla ya kumwagilia kwa mara ya kwanza. Kwa kawaida mizizi hushika baada ya wiki kadhaa, na dalili yake ni kuonekana kwa jani jipya katikati.

Jua. Kichipukizi kipya kianze katika kivuli chepesi, kisha kisogezwe juani hatua kwa hatua kwa muda wa majuma mawili au matatu. Kikitolewa kivulini na kuwekwa ghafla kwenye jua la adhuhuri, majani huungua na kubaki na mabaka. Kikishazoea, kipewe jua la kutosha. Mshubiri uliowekwa kivulini au kumwagiliwa kila siku hubaki kijani na majani yake hurefuka kwa ulegevu.

Maji. Katika chombo, mwagilia mpaka maji yatoke chini, kisha usirudie hadi udongo ukauke kwa kina cha kidole. Wakati wa masika na vuli, mmea uliopandwa ardhini na kushika mizizi hutosheka na mvua. Chombo kilicho nje kisogezwe mahali pasiponyeshewa mfululizo. Majani yakinywea kidogo wakati wa kiangazi, mmea unaomba maji. Yakiwa laini na ya kahawia kuanzia shinani, umezidishiwa maji. Ung'oe, kata sehemu iliyooza, ukaushe na kuupanda upya.

Wadudu na magonjwa. Kagua makutano ya majani mara kwa mara. Wadudu gamba na vidung'ata huonekana kama magamba meupe au pamba. Wafute kwa kitambaa chenye maji ya sabuni na urudie baada ya siku chache. Uvimbe wenye umbo la ovyo kwenye majani au bua la maua husababishwa na utitiri asiyeonekana kwa macho. Sehemu hiyo ikatwe na kuchomwa moto, na mmea huo usitumiwe kutoa vichipukizi.

Mbegu. Anayetaka kuotesha kwa mbegu azingatie kuwa mishubiri ya aina mbalimbali huchanganya uzazi kwa urahisi. Ikiwa jirani kuna mshubiri wa aina nyingine unaochanua wakati huo huo, miche itakayopatikana huenda isiwe mshubiri mwekundu halisi. Kwa lengo la kuhifadhi, kichipukizi ndicho chenye uhakika, kwa kuwa hufanana na mama yake kwa kila hali. Hata hivyo, vichipukizi vya mama mmoja ni mmea ule ule. Kwa hiyo ni vema kitalu kiwe na mimea iliyotoka kwa wenyewe tofauti, na kila chombo kiandikwe mmea ulikotoka.

Tahadhari kuhusu matumizi ya dawa

Ipo desturi ya kuchemsha au kuloweka majani ya mishubiri kwa ajili ya tiba ya watu na kuku. Mwananchi atambue kuwa shubiri inayouzwa kwa wingi katika sabuni na vipodozi ni Aloe vera, na kwamba mishubiri ya porini si yote inayofanana nayo. Ipo yenye sumu, kwa mfano Aloe ballyi inayomea Kenya na Tanzania. Kunywa utomvu wa mshubiri usioutambua ni kuhatarisha maisha, na kuvuna majani ya mshubiri mwekundu kwa kazi hiyo ni kuumaliza bila faida yoyote iliyothibitishwa.

Sheria inasemaje

Mishubiri yote isipokuwa Aloe vera imo katika Mkataba wa Kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe vilivyo hatarini kutoweka (CITES), ambao Tanzania ni mwanachama. Hivyo haitoki nje ya nchi bila kibali. Mgeni anayelipa fedha taslimu ili apelekwe mwambani, kisha aondoke na gunia, humwacha aliyemwelekeza na kosa la kujibu. Ndani ya nchi, Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inataka kibali kwa uvunaji katika misitu ya hifadhi, na ardhi ya kijiji husimamiwa na Halmashauri ya Kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Kijiji kinaweza kuutaja mmea huu katika sheria ndogo zake.

Mwenye shamba au machimbo ya mawe ambaye ameukuta mshubiri huu katika eneo lake amjulishe Mtendaji wa Kijiji kabla ya kusafisha au kupasua. Mimea inayoweza kuokolewa iokolewe kwa utaratibu, siyo kwa kugawanywa siku ya kazi. Shule zenye bustani nazo zinaweza kuuotesha kwa vichipukizi na kuwafundisha wanafunzi kuutambua.

Waliosema usiache mbachao kwa msala upitao hawakuwa na mshubiri huu akilini, lakini maneno yao yanatufaa. Fedha ya gunia moja hutumika kwa siku chache, ilhali kichaka kilichotunzwa uani hutoa vichipukizi vya kugawa na kuuza mwaka hadi mwaka, na mwambani maua hubaki ya ndege chozi. Kwa maelekezo zaidi, mwone Afisa Ugani wa kata yako au fika katika Kitengo cha Maliasili na Hifadhi ya Mazingira cha halmashauri, siku na saa za kazi.