Ukuta wa Kumbukumbu ya UVIKO-19 (London)

Ukuta wa Kumbukumbu ya UVIKO-19 ni mchoro wa umma jijini London, Uingereza. Uko kando ya mto Thames, nje ya hospitali ya St Thomas', ukitazamana na Bunge lililo ng'ambo ya pili. Mahali hapo hapakuchaguliwa ovyo: wafiwa walikuwa wakidai uchunguzi wa jinsi serikali ilivyoshughulikia janga la korona.

Kazi ilianza mnamo 29 Machi 2021. Wafiwa na watu wa kujitolea walichora kwa mkono mioyo myekundu, mmoja kwa kila marehemu. Takriban mioyo 150,000 ilienea karibu nusu kilomita. Ndani yake ndugu huandika majina na maneno ya kuaga. Wino wa kwanza ulififia upesi, hivyo watu wa kujitolea hurudi kila wiki kuipaka upya kwa rangi inayodumu zaidi.