Kebo za Monita Zinazopanda Lushoto

Kabichi, karoti, nyanya na matunda ya Usambara hushuka kwa malori kwenda masoko ya Dar es Salaam. Vifaa vya umeme hupanda kwa njia hiyo hiyo, mara nyingi kwenye buti la basi. Kebo ya HDMI inayoning'inia kwenye duka la vifaa vya simu Lushoto mjini imetoka viwanda vya kusini mwa China, pengine imepitia Dubai, ikashuka bandarini Dar, ikauzwa kwa jumla Kariakoo, kisha ikapita Chalinze, Segera na Mombo kabla ya kupanda zaidi ya kilomita 30 za kona kupitia Soni. Kila aliyeishika katika safari hiyo ameongeza faida yake kidogo, na karibu hakuna aliyeipima.

Kwa muda mrefu jambo hilo halikumuumiza mtu, kwa sababu soko la kebo za picha huku milimani limejengwa na ving'amuzi. Mteja mkubwa ni mwenye nyumba au mwenye kibanda cha mpira anayeunganisha king'amuzi cha Azam, StarTimes au DStv na runinga, na kazi hiyo waya wowote wa mita moja na nusu unaiweza. Muuzaji ananunua dazeni, anapanga kwenye misumari, zinaisha, anaagiza nyingine.

Sasa kuna mteja wa pili, na bidhaa ile ile haimfai. Huyu ni mwenye steshenari anayesanifu kadi za harusi na mabango, mhariri wa video za sherehe, mtaalamu wa ramani za misitu, kijana aliyerudi kijijini na anafanya kazi za kampuni za nje kupitia intaneti. Amenunua monita ya 4K, mara nyingi ya mtumba iliyotoka ofisi za Ulaya au Dubai, na kwa kuwa imekuja bila waya wake, anaingia dukani kuutafuta. Anauziwa ule ule wa king'amuzi. Anafika nyumbani, kioo kinawaka, baada ya dakika kinazima sekunde mbili na kurudi, au nukta nyeupe zinarukaruka kwenye sehemu zenye giza, au kishale cha mausi kinasuasua kana kwamba kompyuta imechoka. Fundi anaitwa. Wengi huishia kuilaumu monita, na wapo walioiuza kwa hasara.

Hesabu ya jambo hili ni nyepesi na kila muuzaji angefaa kuijua. Kioo cha 4K kina nukta 3,840 kwa upana na 2,160 kwa kimo, jumla nukta 8,294,400. Kila nukta inahitaji biti 24 za rangi, na picha nzima huchorwa upya mara 60 kwa sekunde, ndiyo hezi 60 inayoandikwa Hz kwenye boksi. Hapo tayari tuna karibu gigabiti 12 kila sekunde. Ongeza muda unaoachwa wazi kati ya picha na picha, na biti za ziada ambazo HDMI huziweka ili data isafiri salama, unafika gigabiti 17.8. Picha ya king'amuzi cha kawaida, nukta 1,920 kwa 1,080 kwa kasi hiyo hiyo ya hezi 60, inahitaji robo tu ya mzigo huo. Kwa hiyo mteja anayesema "waya huu mbona kwenye TV unafanya kazi" anasema kweli, na muuzaji aliyemuuzia hakumdanganya. Waya ulibebeshwa mzigo mara nne ya ule uliouzoea.

Ukubwa wa mzigo huo ndio unaopanga madaraja ya kebo. HDMI ilitoka mwaka 2002, ikiasisiwa na kampuni saba zikiwemo Sony, Philips, Panasonic na Toshiba. Kebo zake zinazotuhusu hapa ni za daraja tatu: High Speed, iliyopimwa kwa gigabiti 10.2, Premium High Speed, gigabiti 18, na Ultra High Speed, gigabiti 48. Monita ya 4K kwa hezi 60 inaanzia kwenye hiyo ya pili. Monita ya 2K, yaani nukta 2,560 kwa 1,440 kwa hezi 60, inatosheka na High Speed iliyotengenezwa vizuri, na mwenye monita hiyo hana sababu ya kulipia zaidi.

Ukisimama mbele ya rafu, hata hivyo, madaraja hayo huyaoni. Unaona "2.0", "2.1", "4K", "8K" na picha ya simba au ya gari la mashindano. Namba za matoleo ni za vifaa, yaani za tundu la kwenye kompyuta na la kwenye monita, na wasimamizi wa leseni za HDMI hawaruhusu kebo iuzwe kwa namba hizo. Boksi lenye maandishi makubwa ya "HDMI 2.1" na lisilo na jina la daraja mahali popote limeandikwa na mtu asiyefuata kanuni za teknolojia anayoiuza. Mimi ningeliacha kwa sababu hiyo moja.

Alama ya kutafuta ni stika ya uthibitisho. Kebo za Premium High Speed, zilizoanza kuthibitishwa mwaka 2015, na za Ultra High Speed huja na stika yenye msimbo wa kuskani kwa simu. Programu rasmi ya kukagua kebo za HDMI hupakuliwa bure, husoma msimbo huo na kuonyesha kebo ni ya nani na ina urefu gani. Jibu likionyesha mita 2 nawe umeshika kebo ya mita 5, rudisha kwenye rafu, kwa kuwa kila urefu hupimwa peke yake. Ultra High Speed halisi huwa na jina hilo limechapwa pia kwenye ganda la waya wenyewe, kwa hiyo hata boksi likipotea unaweza kuitambua.

Urefu ndio unaoziangusha kebo nyingi kuliko jina la mtengenezaji. Anayelima bondeni anajua kuwa maji ya mfereji wa udongo yanapungua kila hatua, na shamba la mwisho hupata kilichobaki. Umeme wa data ndani ya shaba hupungua vivyo hivyo, na kadiri data inavyokimbia ndivyo upungufu unavyokuwa mkali. Kebo ya Ultra High Speed ya shaba mara nyingi haizidi mita 3. Kwa mezani, mita moja na nusu au 2 zinatosha kabisa, na za ziada zinazokunjwa nyuma ya monita ni pesa iliyolipwa ili picha iharibike. Wenye hoteli na kumbi za mikutano wanalihisi hili zaidi. Waya wa mita 15 uliopitishwa darini miaka iliyopita na ukahudumia projekta vizuri utashindwa siku watakapoweka kioo kikubwa cha 4K. Kwa masafa hayo ipo kebo ya nyuzi za kioo, inayogeuza data kuwa mwanga. Ni ghali, na ina mwelekeo: ncha moja imeandikwa ya kompyuta, nyingine ya kioo. Fundi akiigeuza haionyeshi kitu, na ikishazikwa ukutani inabidi ukuta ubomolewe.

Dhahabu kwenye plagi nayo inauza sana. Inachofanya ni kuzuia kutu, na kwa Lushoto yenye ukungu na baridi ya Juni na Julai hilo si jambo dogo. Haiongezi ubora wa picha wala rangi. Kebo ya kidijitali ikifikisha data yote, picha ni kamili; ikishindwa, utaona kwa macho. Anayekwambia kebo yake inang'arisha rangi anataka pesa yako.

Kuna tatizo ambalo kebo hailimalizi hata ingekuwa bora namna gani, nalo linatoka kwenye laptopu za mtumba. Soko letu limejaa laptopu za ofisi za Ulaya na Marekani za miaka ya 2014 hadi 2019, imara na za bei nafuu. Nyingi zina tundu la HDMI la toleo la 1.4 la mwaka 2009, ambalo kwa 4K linaishia hezi 30. Hapo ndipo kishale cha mausi kinaposuasua. Mteja hubadilisha kebo mara mbili au tatu, kila mara akitumiwa nyingine kwa basi, na hakuna kinachobadilika. HP EliteBook 840 za G3 na G4, zilizoenea sana kwenye maofisi, hazina HDMI kabisa. Zina VGA na DisplayPort. Wenye nazo hushikilia VGA, teknolojia ya mwaka 1987, na kuacha wazi tundu la DisplayPort lililo pembeni, ambalo linatoa 4K kwa hezi 60 bila shida yoyote.

Kwa kompyuta za namna hiyo DisplayPort ndiyo njia ya bei nafuu kuliko zote, na nashangaa maduka yetu yanavyoipuuza. Toleo lake la 1.2 la mwaka 2010 tayari lilibeba 4K kwa hezi 60. Kebo ya DisplayPort kwa DisplayPort ya mita 2 iliyothibitishwa na VESA, shirika linalosimamia teknolojia hiyo, inamaliza kazi. Kwa vioo vya kasi zaidi zipo zenye alama ya DP8K. Tahadhari ni moja na ni nzito. Kebo za ovyo huunganisha pini ya 20 ya ncha moja na ya ncha nyingine, kinyume cha kanuni. Pini hiyo ina umeme, hivyo monita inaweza kuusukuma kurudi ndani ya kompyuta, na kompyuta ikagoma kuwaka au ikaharibika. Katika kebo zote za mezani, hii ndiyo ambayo singeinunua isiyo na jina.

Atakayebadilisha tundu aangalie upande. Adapta ya bei ndogo ya DisplayPort kwenda HDMI inafanya kazi kompyuta ikiwa upande wa DisplayPort tu. Anayetoka HDMI ya kompyuta kwenda DisplayPort ya monita anahitaji kigeuzi chenye umeme wake, kifaa kingine na bei nyingine. Kuhusu USB-C, kebo iliyokuja na chaja ya simu kwa kawaida haibebi picha hata kidogo, ingawa plagi inaingia sawasawa. Na si kila tundu la USB-C la laptopu linatoa picha. Muulize muuzaji mambo hayo mawili kabla ya kulipa.

Narudi kwenye biashara yenyewe. Kebo iliyothibitishwa inauzwa bei ya juu kuliko ile isiyo na jina, na muuzaji wa rejareja huogopa mtaji kukaa kwenye msumari. Hofu hiyo naielewa, lakini hesabu yake haijakamilika. Kebo mbovu ikirudishwa, kuna nauli ya mzigo kwenda na kurudi Dar, siku za kusubiri, fundi aliyelipwa bure, kazi ya mteja iliyochelewa, na mwenye duka la jumla Kariakoo asiyetaka kusikia habari ya kurudishiwa. Mji wa Lushoto ni mdogo, na habari ya duka linalouza nyaya mbovu inazunguka upesi. Duka linalotaka kuhudumia wateja hawa halihitaji mengi: kebo chache za HDMI za Premium na Ultra za mita 2, chache za DisplayPort, na monita moja ya 4K mezani ya kujaribia. Mteja aje na laptopu yake, iunganishwe, ifunguliwe mipangilio ya kioo na kusomwa kama ni hezi 60 au 30, iachwe iwake kwa robo saa huku waya ukitikiswa taratibu kwenye shingo ya plagi. Duka litakalofanya hivyo litawapata wateja wa Bumbuli, Mlalo na Mtae, kwa sababu nao huja mjini kutafuta vifaa.

Serikali inayo sehemu yake. Shirika la Viwango, TBS, linakagua ubora wa bidhaa zinazoingia, na Tume ya Ushindani, FCC, inasimamia Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 na ile ya Ushindani ya mwaka 2003, ambazo ndizo zana za kupambana na bidhaa bandia na matangazo ya kupotosha. Kebo iliyochapwa daraja ambalo haikulifikia inaangukia humo moja kwa moja. Ukaguzi wa namna hiyo ufanywe Kariakoo, kabla mzigo haujapakiwa kwenye basi.

Mnunuzi naye ana kinga, akiitumia. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa inataka kitu kilichouzwa kwa maelezo kifanane na maelezo hayo. Risiti iliyoandikwa "waya" haikusaidii kitu. Dai risiti ya EFD, na maelezo yaandikwe kikamilifu: HDMI Premium High Speed au Ultra High Speed, mita 2. Kama unaagiza kwa simu kutoka Dar, omba kwanza picha ya stika ya uthibitisho, uiskani, ndipo utume pesa.