Nyota mbili kubwa zinafikaje kugongana?

Ilikuwa tarehe 14 Septemba 2015. Mitambo miwili ya LIGO kule Marekani, mmoja Hanford, mwingine Livingston, ilipata mtikisiko wa sekunde 0,2 hivi. Ukiugeuza kuwa sauti, unasikia mlio mfupi wenye kupanda juu, kisha kimya. Redio gani ingeutangaza? Lakini mlio ule ulikuwa na habari kubwa.

Yalikuwa mashimo meusi mawili, mabaki ya nyota zilizokufa, yaliyozungukana mpaka yakagongana, karibu miaka bilioni 1,3 iliyopita. Moja lilikuwa na uzito wa Jua letu mara 36, lingine mara 29. Lililobaki: 62. Hesabu mwenyewe, zimekosekana 3. Hizo ndizo zilizotoka kama mawimbi ya mvutano.

Uzito huo ulishangaza. Nyota kubwa hupoteza sehemu ya mwili wake kwa upepo wake yenyewe, na ikiwa na chuma na madini mengine mengi, upepo unakuwa mkali zaidi. Basi inaonekana hizi mbili zilizaliwa mahali penye madini kidogo.

Kuna swali gumu zaidi. Nyota mbili zikikaa mbali, mashimo yao yatazungukana kupita umri wa ulimwengu bila kugusana. Zikikaa karibu sana, moja ikivimba uzeeni inaweza kumeza mwenzake mapema. Sasa, zilipitia wapi?

Wengine wanasema zilizaliwa pamoja. Moja ilipovimba, gesi yake ilizifunika zote mbili, sawa na watu wawili ndani ya blanketi moja, na msuguano ukazivuta karibu. Wengine wanasema hapana, zilikutana tu ndani ya kundi la nyota zilizosongamana. Namna kila shimo linavyojizungusha inasaidia kuamua: walioishi pamoja kwa kawaida wanaelekea upande mmoja, waliokutana njiani kila mmoja ana upande wake. Mimi naona njia zote mbili zinaweza kuwa kweli.

Kisha ikaja tarehe 21 Mei 2019. LIGO, pamoja na Virgo ya Italia, walipata mashimo ya mara 85 na 66 hivi. Kumbe nadharia inasema nyota ya kuacha shimo la mara 85 ingelipuka yote, isiache kitu! Pengine shimo lile lenyewe lilikuwa mtoto wa mgongano mwingine wa zamani. Wataalamu wangali wanabishana.