Harambee ya Simu Nchini Kenya

Mwezi Julai, 2011, wananchi wa Kenya waliona katika televisheni zao picha za wazee na watoto wa Turkana waliokondeana kwa njaa. Tarehe 20 ya mwezi huo Umoja wa Mataifa ulikuwa umetangaza baa la njaa katika sehemu za kusini ya Somalia, na ukame ule ule haukujua mpaka. Serikali ya Kenya ilikanusha kwamba kuna raia waliokufa kwa njaa. Wananchi hawakungoja ubishi huo umalizike. Katika mtandao wa Twitter vijana walikwisha kuanza kuchangishana wenyewe kwa wenyewe, na tarehe 27 Julai Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, likishirikiana na makampuni kadhaa pamoja na wenye vyombo vya habari, lilitangaza mchango wa taifa zima ulioitwa Wakenya kwa Ajili ya Kenya.

Lengo lilikuwa kupata shilingi za Kenya milioni 500 katika wiki nne. Fedha zilimiminika kwa kasi ambayo waandalizi hawakuitazamia, hata ikabidi lengo lipandishwe kuwa shilingi bilioni 1.

Ingekuwa uongo kudai kwamba fedha zote hizo zilitoka katika mifuko ya wanyonge. Makampuni makubwa yalitoa mamilioni, na yalihakikisha yanapigwa picha yakitoa. Lakini jambo lililoufanya mchango huo ukumbukwe hadi leo ni umati wa watu wasio na jina, yaani makuli, wauza mboga, walimu, wanafunzi na askari wa vyeo vya chini, ambao kila mmoja alitoa makumi au mamia ya shilingi kwa kubonyeza simu ya mkononi. Huduma ya M-Pesa ilikuwa imeanza nchini humo mwezi Machi, 2007, na kufikia mwaka 2011 ilikuwa na watumiaji zaidi ya milioni 13. Msalaba Mwekundu ulipewa namba ya malipo yenye tarakimu 1 mara sita, namba ambayo hata mtu asiyejua kusoma vizuri aliweza kuikariri akiwa kwenye basi.

Ili kuelewa uzito wa jambo hilo hapana budi kurudi nyuma kidogo. Harambee ni mila ya kale ya kusaidiana kazi, ambayo Mzee Jomo Kenyatta aliifanya kuwa wito wa taifa mwaka 1963. Kwa moyo huo zilijengwa shule, zahanati na mabwawa mengi. Baadaye mambo yakaharibika. Mgeni wa heshima alikuja na burungutu la noti, jina lake na kiasi alichotoa vikatangazwa kwa kipaza sauti, na watu wakampigia makofi na, wakati wa uchaguzi, kura. Huko vijijini, machifu walifikia hatua ya kumdai mwananchi mchango kama kodi. Asiye na fedha alitoa kuku. Ndiyo maana Sheria ya Maadili ya Watumishi wa Umma ya mwaka 2003 iliwawekea maofisa wa serikali mipaka katika kuchangisha fedha kwa kutumia vyeo vyao.

Simu iliondoa kipaza sauti. Mtoaji alipata ujumbe mfupi wenye namba ya muamala, na hakuna jirani aliyejua kama alitoa shilingi 50 au 5,000. Hakuna chifu aliyesimama mlangoni. Pale mtu anapotoa bila kuonwa na bila kulazimishwa, sababu yake ya kutoa hubaki moja tu, nayo ni kuamini kwamba fedha zitafika.

Imani hiyo ilijaribiwa mapema. Mwaka huo huo wa 2011 ilibainika kwamba shehena ya unga wa lishe ulionunuliwa kwa fedha za mchango kwa ajili ya watoto wa shule ilikuwa na sumu inayotokana na ukungu wa nafaka. Msalaba Mwekundu ulitangaza jambo hilo hadharani na kuurudisha unga huo. Ilikuwa aibu kubwa. Walakini, mtu aliyetuma shilingi zake aliambiwa ukweli kabla hajausikia kwa wapita njia. Kuna mashirika mengi duniani ambayo yangenyamaza. Huenda ndiyo sababu wananchi hao hao waliitika tena tarehe 21 Septemba, 2013, magaidi walipovamia jengo la maduka la Westgate mjini Nairobi. Watu 67 waliuawa, wakiwamo askari waliokuwa kazini. Fedha zilikusanywa tena kwa simu, na habari zilizoenezwa katika mitandao ziliwafanya watu wapange foleni ndefu wakatoe damu.

Askari anayesoma au kusikiliza maelezo haya anahusika mara mbili. Kwanza yeye mwenyewe ni mchangaji: kombania moja haikosi mwenzao aliyefiwa, au mtoto wa mwenzao aliyelazwa. Pili, yeye ndiye anayefuatwa kituoni na mtu aliyetapeliwa. Hapa Tanzania hakuna polisi asiyeujua ujumbe wa ile pesa tuma kwa namba hii. Tapeli wa mchango hutumia akili ile ile, ila yeye huongeza picha ya mtoto mgonjwa, ambayo mara nyingi ameiiba kwa mzazi aliyeomba msaada wa kweli. Katika uchunguzi, picha ya cheti cha hospitali iliyotumwa kwa simu si ushahidi wa kitu chochote. Mambo yenye maana ni jina linalotokea kabla ya malipo kuthibitishwa, laini iliyosajiliwa kwa jina hilo, ni nani wanaoruhusiwa kutoa fedha katika akaunti, na kauli ya hospitali yenyewe kwamba mgonjwa yupo na deni lake ni kiasi fulani. Mchango ulio salama huwa na zaidi ya mtu mmoja wa kuidhinisha fedha kutoka, na ikiwezekana hulipwa moja kwa moja hospitalini bila kupitia mfuko wa mtu.

Kenya ina sheria ya makusanyo ya umma inayomtaka mchangishaji awe na kibali, lakini sheria hiyo ilitungwa kabla ya uhuru, ikimfikiria mtu mwenye kopo la sarafu barabarani. Haikumfikiria mwananchi anayeweza kufikia watu milioni moja kabla ya jua kutua.

Suala hilo lilijitokeza waziwazi mwaka 2024. Baada ya maandamano ya kupinga Muswada wa Fedha, vijana walichangishana katika mtandao zaidi ya shilingi za Kenya milioni 30 kwa ajili ya majeruhi na familia za waliokufa. Katika hali ya namna hiyo ni rahisi kwa chombo cha dola kumwona mchangishaji kuwa mfadhili wa fujo. Lakini bili ya hospitali ni bili ya hospitali, na aliyelazwa kwa jeraha anahitaji dawa, awe amejeruhiwa kwa haki au kwa bahati mbaya. Waliochanga, kwa upande wao, hawakumwachia mchangishaji hesabu kwa sababu tu walimpenda. Walimdai maelezo hadharani, na maelezo yakatolewa.

Kipaza sauti, hata hivyo, kimeanza kurudi kwa mlango wa nyuma. Katika makundi ya WhatsApp, Kenya na hata Tanzania, mweka hazina hubandika orodha ya majina yenye namba, na kila aliyetoa huwekewa alama ya vema. Orodha hiyo inasaidia hesabu, na pia inamwaibisha asiye nacho. Wapo wanaokopa ili jina lao lisibaki tupu.

Ama Turkana yenyewe, sehemu ya fedha za mwaka 2011 ilitumika katika miradi ya maji na kilimo cha umwagiliaji, katika maeneo machache yaliyobahatika. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2020 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo. Mifugo zaidi ya milioni 2 ilikufa nchini Kenya, na picha za watoto waliokondeana zikarudi tena katika televisheni, na namba ya kutuma mchango ikapita chini yake.